Ukurasa wa Tarehe 11 Mei

Jumapili, tarehe 9 Februari. Mvua ilianza kabla ya misa na mpaka sasa, saa tisa mchana, haijakatika. Hakuna mtu nje katika mtaa wote wa Kapata. Nimekaa mezani peke yangu. Simu nimeiegemeza kwenye kioo cha dirisha, maana hapo tu ndipo rezo, mtandao wa simu, inapokamata, na kaye ya zamani, daftari langu la shule, iko wazi mbele yangu.

Leo ni wiki ya tatu bila mke wangu, Mama Régine. Amekwenda Sandoa kwa mama yake. Hatukugombana, tuliagana kwa adabu, kama makarani wawili wanaokabidhiana ofisi. Nimepika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja, na bado sijapata kipimo. Kila siku inabaki nusu sufuria.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka kumi na tano. Ndio mwaka ambao familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi. Babu zao waliletwa hapa kwa kazi ya mgodi, watoto wao walizaliwa hapa, wengine walikuwa hawajawahi hata kuiona Kasai. Walikaa stesheni wiki baada ya wiki, chini ya maturubai na vipande vya bati, wakingoja treni. Shuleni, Frère, mtawa aliyetufundisha Kifaransa, alikuwa ametuagiza tuandike kila siku mistari michache juu ya kile ambacho macho yetu yameona. Wenzangu waliacha baada ya siku kumi. Mimi sikuacha.

Ni miaka miwili sasa, kila Jumapili, ninanakili ukurasa mmoja wa mwaka ule na kuuweka hapa. Nani aliondoka, siku gani. Nani alijifungua stesheni. Nani alikufa, na alizikwa upande gani. Yeyote anasoma. Hakuna malipo.

Aliyenitengenezea blogu hii ni Serge, mdogo wake Mama Régine, fundi wa simu pale sokoni. Tangu mwanzo ananionea huruma. Mwezi uliopita alikuja akiwa amelifikiria jambo langu vizuri.

"Shemeki, batu banaingia, banasoma, banalia, banatoka. Weye unabakia na nini?"

"Nabakia na kaye yangu."

"Kaye ulikuwa nayo mbele. Sikia. Tuweke kamulango. Mutu anasoma mistari mitano bule, ya sita analipa kidogo na telefone. Benye kuwa ku Bulaya batalipa."

"Na benye kuwa Mwene-Ditu?"

Akacheka. "Bale bataomba benye kuwa ku Bulaya."

Serge si mtu mbaya. Nililiwaza neno lake wiki nzima pale kazini, kwenye mzani wa malori, ambapo kazi yangu ni kuandika namba ya lori, uzito wake likiwa tupu na uzito wake likiwa limejaa. Mtu anayepima vitu kutwa nzima anajiuliza kwa urahisi kwa nini kitu chake mwenyewe hakina kipimo.

Jibu nililopata ni hili. Kuna mtu wa Mwene-Ditu, kule Kasai, ambaye baba yake alikufa stesheni akiwa yeye bado mgongoni. Kwa miaka yote hiyo familia ilikuwa inamwombea marehemu siku yoyote ile, maana hakuna aliyekumbuka tarehe. Akaisoma hapa, kwa simu ya kuazima, amesimama kwenye kibanda cha mtu. Sasa wana tarehe. Kuna mkunga mmoja, sasa mzee, aliyenirekebisha majina matatu. Na kuna wakati niliandika, kama kaye inavyosema, kwamba mama fulani amejifungua binti chini ya turubai la bluu. Baada ya siku nne nikapata ujumbe: "Tata Placide, bonjour. Mi njo ule mutoto. Mi si mwanamuke. Niko na ndevu." Nilicheka peke yangu mpaka Mama Régine akaja kuona kuna nini.

Kama ningeweka kamlango ka Serge, mtu wa Mwene-Ditu angegota kwenye mstari wa tano. Mwenye ndevu angebaki binti milele. Kila ukurasa ninaoutoa unarudi na kitu nilichokuwa sikijui. Kisha, kwa kuwa hakuna anayelipa, hakuna anayeweza kuniagiza niondoe nini.

Hayo ndiyo niliyomjibu Serge, na ni kweli.

Ila thamani hiyo yote inakaa mbali. Wanaonishukuru wako Kananga, Mbuji-Mayi, wengine Ubelgiji. Hapa kwenye avenyu yetu hakuna aliyenishukuru hata siku moja. Nyumba nyingi za Kapata zina watu wasiokuwa wale wa kwanza, na kila mmoja anajua mwenzake aliingia vipi. Hatuzungumzi juu ya hilo. Ndiyo heshima yetu.

Mzee Ngoy, au Tata Ngoy kama tunavyosema hapa, jirani wa kushoto, ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli. Mwaka jana alinisimamisha kwenye uzio.

"Placide, weye mutoto wa hapa. Batu benye balienda, balienda. Juu ya nini unabaita?"

"Sibaiti, tata. Naandika tu."

"Unaandika avenyu, unaandika numero ya nyumba. Mutu akitaka kurudia, unamuchorea mpaka njia. Unafikiri mi sina batoto?"

Tangu siku ile akiniona anaangalia matairi ya gari lake. Mkewe akafuata, halafu wanawake wa bombani. Mama Régine alikuwa akifika na ndoo, maongezi yanakatika. Alivumilia mwaka mzima. Asubuhi aliyopanga nguo zake aliniambia, bila hasira, "Wanakusoma watu elfu, na mi sina mutu wa kuniambia bonjour."

Ninakiri kwamba siku ile nilimwona kama mtu asiyeelewa kazi yangu. Alikuwa anaielewa vizuri kuliko mimi.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Alhamisi nilipata ujumbe mrefu. Nauandika kama ulivyo, mwenyewe ameniruhusu. "Bonjour Placide. Mi njo Ngalula, mutoto wa Tata Mukendi, wa nyumba yenye kuangaliana na yenu. Ule ulikuwa unaita Professeur juu nilikushinda mahesabu. Nasoma kaye yako tangu mwaka jana, kurasa zote. Weye hukurukaka siku. Hata siku ya malaria uliandika 'leo homa', basi. Sasa niambie. Mwezi wa tano, tarehe 10 iko. Tarehe 12 iko. 11 iko wapi? Usiniambie ulikuwa na homa."

Niliusoma nikiwa kwenye mzani. Lori moja lilipita bila mimi kuandika namba yake. Dereva mwenyewe alirudi kuniambia.

Jioni aliniita kwa simu. Sauti yake ni ya mwanamke mzima, lakini bado anamaliza sentensi kama anayekusahihisha. Tuliulizana habari za watoto, halafu akanieleza.

Nikumbushe kwanza desturi ya hapa. Zamani, familia ya Kapata ikienda kongé, likizo ya kazi, ufunguo unaachwa kwa nyumba ya mbele, na jirani anafagia ua wa wenzake kila asubuhi ili wezi wadhani watu wapo. Tata Mukendi alipoondoka na familia yake kwenda stesheni alifanya hivyohivyo. Tangazo la kuwafukuza lilikuwa limetolewa, vijana wenye marungu walikuwa wanapita avenyu kwa avenyu, na yeye alimpa baba yangu ufunguo kama mtu anayekwenda mapumziko ya mwezi mmoja. Alibeba magodoro na sufuria. Sanduku la bati akaliacha chumbani, akisema stesheni litaibiwa. Ndani yake mlikuwa na vitenge vya harusi vya mkewe, kadi za ubatizo na brevet ya Ngalula, cheti chake cha shule. Nilikabidhiwa mimi kufagia ua wao.

Ngalula alisema: siku moja kabla ya treni, baba yake alitoka stesheni alfajiri, akasema anakwenda kuchukua sanduku. Alirudi jioni mikono mitupu. Mama akamuuliza, akajibu, "Limepotea." Akaulizwa limepoteaje, akarudia neno lilelile. Kwa miaka yote huko Kananga hakuongeza lingine.

Mama Ngalula akajitafutia jibu mwenyewe. Kwamba mumewe aliuza vitenge vyake vya harusi, akala na mwanamke mwingine pale stesheni. Alilisema mbele ya kaka zake. Tata Mukendi alikufa miaka minane iliyopita, na wajomba wa Ngalula hawakufika kwenye matanga.

"Mama sasa haone vizuri," alisema. "Lakini kila mwezi wa tano anaanza ile hadisi tena. Placide, mi sijui kama weye unajua kintu. Nauliza tu kaye yako."

Nikamjibu kwamba nitautafuta ukurasa huo, pengine umechanika.

Ulikuwa uwongo. Ukurasa haujachanika. Nilipofika pale, mwaka jana, niliusoma, nikaugeuza, nikanakili wa tarehe 12. Na si huo tu. Ukurasa wa tarehe 9 niliuweka hapa ukiwa umepungua mistari miwili. Mimi niliyewaandikia juu ya blogu hii kwamba siondoi neno.

Ijumaa nikampigia Ngalula nikamwambia ukurasa upo, nikamwomba nimtumie yeye peke yake.

"Hapana," akasema. "Ukinitumia mi, bajomba batasema nimejiandikia. Weka pale batu bote banafungua. Bafungue na telefone yao, si yangu."

Tangu Ijumaa ninalifikiria hilo, na limenirudisha kwa swali la Serge: unabaki na nini? Nilidhani ninatoa bure. Sasa naona kila Jumapili nilikuwa ninapokea. Kila "merci Tata Placide" niliipokea na kuisoma mara tatu. Watu wale hawakujua wanamshukuru nani. Nilitoa machozi ya familia nyingine, vifo vya familia nyingine, na la kwetu nikaligeuza upesi kama mtu anayeficha barua. Bure ya namna hiyo ni rahisi. Hata mlango wa Serge ungekuwa mwaminifu zaidi, maana ungeandikwa bei.

Na kuna jambo jingine ambalo wasomaji hawajui. Sijawahi kuandika ninaishi nyumba gani. Ninaishi katika nyumba ya Tata Mukendi. Kaka yangu aliingia humu mwezi wa sita wa mwaka uleule. Alipohamia Dilolo akaniachia mimi, nami nikaoa humu. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma leo, na wiki ijayo akabisha mlango akiwa na karatasi za nyumba mkononi.

Jana nilimpigia Mama Régine, nikamsomea ukurasa wote.

"Weka," akasema nilipomaliza. "Lakini jina ya mama yako toa. Alikufa. Hawezi kujitetea."

"Tata Mukendi naye alikufa."

Nilisikia kuku wa kwao, na mama yake akiuliza nani huyo. Akamjibu, "Ni bwana yangu." Zamani hilo lingekuwa neno la kawaida tu.

"Basi weka yote," akaniambia. "Lakini ujue, pale bombani mi njo nitaulizwa, si weye."

Sikumuuliza atarudi lini. Nilitaka. Niliona si haki kuuliza hilo na lile katika simu moja.

Hii hapa, basi. Kwanza mistari miwili niliyokata katika tarehe 9: "Baba ameleta sanduku la Tata Mukendi kwetu ili wezi wasiliibe. Mama amelifungua, na leo amevaa kitenge cha Mama Ngalula kwenda misa."

Na huu ndio ukurasa wa Jumanne, tarehe 11 Mei 1993. Nilirekebisha nukta tu.

"Baridi. Shule imefungwa bado. Nimefagia ua wa Tata Mukendi na wetu. Baba yuko kazini. Jana usiku alisema mtu akija kuuliza ufunguo niseme vijana wameuchukua. Saa tatu Tata Mukendi amekuja. Amepita nyuma ya nyumba, si barabarani, na kofia imeshuka mpaka macho. Kwenye kamba yetu kulikuwa na kitenge cha Mama Ngalula, mama alikifua jana. Ameshika pindo lake. Ameliachia. Amebisha. Mama, Mama Agnès, ameingia chumbani na kuniambia nifungue mimi. Nimefungua nusu. Ameniambia, Placide, nipe ufunguo nichukue sanduku la watoto. Nimesema vijana wameuchukua ufunguo. Sanduku lilikuwa nyuma yangu, chini ya meza, na yeye ni mrefu. Ameliona. Ameniangalia. Nilidhani atanisukuma. Amesema, sawa mwanangu, salimia tata, mwambie asante kwa kufagia. Ameondoka njia ileile ya nyuma. Mama ametoka chumbani na kuanua kitenge, hakijakauka. Sijala."

Hakuna zaidi. Yaliyobaki katika ukurasa ni hesabu za shule.

Nimejaribu leo kuelewa kwa nini hakumwambia mkewe. Labda aliona aibu, kushindwa mbele ya mtoto wa jirani. Labda alitaka mkewe aendelee kuamini kwamba kule walikotoka waliacha marafiki, maana Mama Agnès na Mama Ngalula walikuwa wakisukana nywele kila Jumamosi. Sijui. Sitamwekea maneno mdomoni. Ninajua tu alichokiona, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake.

Mama Ngalula, Tata Mukendi hakuuza kitu. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, siku ambayo mtu wa Kasai akionekana Kapata angeweza kuuawa, akafuata vitu vyako. Niliyemnyima ni mimi. Vitenge vilichakaa miilini mwa watu wa kwetu. Kadi za ubatizo na brevet baba alizichoma, na hilo pia nililiona. Sanduku lenyewe bado liko. Nitalituma kwa treni, tupu, kama Ngalula atalitaka.

Juu ya nyumba, leo sina neno la kuandika. Nilianza mara mbili nikafuta. Afadhali niseme hivyo kuliko kuweka maneno mazuri.

Mvua imepungua. Nimesikia mlango wa Tata Ngoy ukifunguliwa na yeye akikohoa nje. Wanawe wana simu, na wanasoma ninachoandika kabla ya watu wa Kananga. Kabla ya jioni avenyu nzima itajua. Serge nimemwandikia kwamba ukurasa huu hauna mlango, na kwamba asifute maoni ya mtu yeyote, hata ya matusi.

Ngalula ameniambia kesho saa nne asubuhi wajomba watakusanyika kwa mama yake, kila mmoja na simu yake. Atasoma kwa sauti, wao watafuata kwa macho.

Saa nne nitakuwa kwenye mzani. Nimeshamwambia mkuu wangu kwamba kesho simu yangu haitazimwa, na kwamba ikilia nitaipokea, hata kama kuna lori juu.